Mzee wa miaka 19 na bibi wa Cerro Colorado

Ghalani ninapofanya kazi, kusini kidogo mwa Salt Lake City, mwezi Februari aliajiriwa mama mmoja wa makamo kutoka Venezuela. Siku yake ya kwanza alipewa karatasi za usalama kazini, kurasa nane za Kiingereza kitupu, akaonyeshwa kwa kidole mahali pa kutia sahihi. Alizishika kwa mikono miwili, asisaini, asirudishe. Ndipo kijana wetu wa foklifti alipozima mashine, akaja akachuchumaa mbele ya kiti cha yule mama, akaanza kumsomea mstari kwa mstari kwa Kihispania. Ni kijana mrefu, mweupe, mtoto wa wakulima wa viazi wa Idaho. Walipofika ukurasa wa tatu mama akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Baadaye nikamwuliza kijana alichekea nini. Akasema, "Kaniuliza mimi ni Mperu wa wapi."

Mimi ni Mwanglikana, mzaliwa wa Muheza. Babu yangu alibatizwa misheni ya Magila, kwa hiyo habari za wageni wanaokuja na Biblia mkononi nimezikuta nyumbani. Sina nia ya kuingia dini ya huyu kijana, na sina ugomvi nayo. Ila kwa miaka niliyokaa Utah nimewaona vijana wao wakienda na kurudi, nimekula nao, nimefanya nao kazi za usiku, na nimefikia jambo ambalo niko tayari kulitetea: kitu chenye thamani kuliko vyote katika misheni yao ni lugha wanayopewa na wenyeji, na Kanisa lao kwa miaka mingi limekuwa likihesabu kitu kingine.

Wengi tunawaita Wamormoni. Wenyewe, tangu 2018 rais wao wa wakati huo, Russell M. Nelson, alipowataka watumie jina kamili, hujiita waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa 1830 katika jimbo la New York na Joseph Smith, na leo makao yake yapo hapahapa Salt Lake City. Wasomaji wa Nairobi wanalijua. Hekalu lake lilifunguliwa huko 2025.

Utaratibu wa misheni ni huu. Kijana wa kiume akitimiza miaka 18 anaweza kuomba. Zamani ilikuwa 19, ikashushwa Oktoba 2012, na siku hiyohiyo umri wa wasichana ukashushwa kutoka 21 hadi 19; mwaka 2025 ukashushwa tena hadi 18. Wavulana hutumikia miezi 24, wasichana 18. Hakuna anayechagua nchi wala lugha. Barua ndiyo inayosema. Hakuna mshahara pia. Kwa Marekani, tangu Julai 2020, mmisionari au familia yake huchangia dola 500 kwa mwezi, yaani dola 12,000 kwa miezi yote 24. Mwenzangu wa foklifti alizianza kuzitafuta akiwa shule ya sekondari, akihamisha mabomba ya kumwagilia mashambani kiangazi mbili mfululizo. Barua ilipofika ikasema: Peru, misheni ya Arequipa, lugha Kihispania. Alikuwa anajua maneno kama kumi.

Mafunzo ya Kihispania huchukua wiki sita hivi. Wengi huyapata Provo, hapa Utah, au Mexico City, ambako mwaka 2013 Kanisa liligeuza shule yake kubwa, Benemérito de las Américas, kuwa chuo cha wamisionari. Wiki sita! Mtu aliyewahi kujifunza lugha ukubwani anajua kwamba huo ni muda wa kujifunza kusalimia na kuomba maji. Wao hufundishwa kusali na kushuhudia kwanza, kwa sababu ndiyo kazi. Matokeo yake kijana anashuka kwenye ndege anaweza kusema kwamba Mungu ana mpango wa wokovu, lakini hawezi kumwambia dereva wa basi ashushwe wapi.

Kisha huanza siku zenyewe. Saa kumi na mbili na nusu alfajiri macho wazi. Mazoezi nusu saa, kuoga, chai isiyo chai, maana majani ya chai na kahawa kwao ni mwiko pamoja na pombe na tumbaku. Kusoma maandiko peke yake, kusoma pamoja na mwenza, kusoma lugha. Kati ya saa nne na tano wako barabarani, shati jeupe, tai, kibandiko cheusi kifuani. Mwenza ni sheria: hakuna kutembea peke yako hata dukani, na hakuna kuchagua utaishi na nani. Jioni saa tatu au tatu na nusu wawe ndani, saa nne na nusu taa zizimwe. Siku moja ya wiki ni ya maandalizi: kufua, kununua mahitaji, kucheza mpira, kuongea na nyumbani. Hili la kuongea na nyumbani ni jipya. Hadi Februari 2019 mmisionari alimpigia mama yake simu mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Sasa ni kila wiki, tena kwa video. Nilipowasikia wazee wa hapa wakilalamika kwamba vijana wamelainishwa, nilishindwa kukubaliana nao. Mtoto wa miaka 18 aliyepelekwa ng'ambo anapaswa kusikia sauti ya mama yake.

Katika hali hiyo anaitwa Élder, na msichana Hermana, yaani dada. Katika Kiswahili cha Kanisa hilo Élder ni Mzee. Ukikutana nao Nairobi, kijana ambaye ndevu bado hazijakaa sawa atakunyooshea mkono na kujitambulisha kuwa Mzee Fulani. Sikio la Mswahili linagoma kwanza. Kwetu uzee huletwa na miaka na wajukuu. Hautolewi kwa barua. Nilimweleza hivyo mwenzangu, akafikiri kidogo, akaniambia kwamba Arequipa ndiko alikoona uzito wake: amevaa jina la mzee kifuani, huku mtoto wa miaka minne anaongea vizuri kuliko yeye.

Wiki yake ya pili aliketi kwenye nyumba ya watu, akataka kusema Kristo aliteseka kwa ajili ya dhambi zetu. Dhambi ni pecados. Yeye akasema pescados, samaki. Hakuna aliyecheka. Baba mwenye nyumba alimwacha amalize, kisha akaweka mkono begani kwake na kulitamka neno polepole mara mbili. Jioni ileile alitaka kumwambia mama anayewapikia kwamba amechoka, cansado, akasema casado, ameoa. Peru wamisionari wana mama wa namna hiyo, huitwa pensionista, anayelipwa kidogo kuwapikia, na kwa kweli ndiye mwalimu mkuu wa lugha wa misheni nzima, ingawa hakuna anayemwandika hivyo popote. Kwake walijifunza majina ya vyakula, ya magonjwa, ya majirani. Kwake pia walijifunza wakati wa kunyamaza.

Kulikuwa na suala la adabu. Kihispania kina tú kwa mtu wa karibu na usted kwa mtu wa kuheshimiwa, na wamisionari huagizwa kutumia usted kwa watu na tú kwa Mungu katika sala. Kijana wa Idaho, ambaye lugha yake ina neno moja tu kwa wote wawili, anajikuta kila sentensi inamlazimu aamue anaongea na nani. Sisi tunaelewa. Tumewaona wageni waliofundishwa "mambo" na "poa" wakamwendea navyo bibi wa miaka sabini, na tumeona uso wa bibi. Mgeni anayeanza na "shikamoo", hata akiitamka vibaya, tayari amejua jambo juu yetu ambalo hakuna kitabu kitamweleza likaingia. Ndiyo maana yule mama wa Venezuela alitulia pale ghalani. Aliitwa usted na mtu aliyekuwa amechuchumaa.

Mtu aliyemfundisha zaidi, kwa maelezo yake, hakuwa anakijua Kihispania vizuri. Ni mama mzazi wa yule pensionista, bibi mzaliwa wa nyanda za juu za Puno, aliyehamia na watoto wake Cerro Colorado, wilaya ya pembeni mwa Arequipa, upande wa vumbi na nyumba za matofali yasiyopigwa lipu, mlima Misti ukiwa juu yao. Lugha ya bibi ilikuwa Kikechua. Kihispania alikiokota ukubwani, sokoni, akikitumia kama chombo cha kuazima: sentensi fupi, maneno ya kawaida, kila moja mahali pake. Kijana alikuwa hamwelewi mhubiri wa kanisani, hamwelewi muuza duka, lakini bibi anamwelewa. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, Mbondei, ambaye Kiswahili chake kilikuwa vilevile, kikavu na safi, na wageni wote waliofika kwetu walielewana naye kabla ya kuelewana na sisi tuliosoma. Watu wawili walio wageni ndani ya lugha moja wana subira ambayo mwenye lugha hana.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi hakuwahi kuusikia msemo huo lakini aliufuata. Mara ya tatu walipokwenda, yeye na mwenza wake, Mperu wa pwani kutoka Chiclayo, bibi hakuwaacha wafungue vitabu. Alimpa kila mmoja kisu na bakuli la viazi. Sasa mfikirie huyu mtoto wa Idaho, jimbo linaloandika viazi hata kwenye namba za magari, aliyedhani viazi ni kitu ambacho yeye ndiye angewafundisha wengine. Yuko kwenye nchi ambayo viazi vilianza kulimwa na watu miaka elfu kadhaa iliyopita, karibu na ziwa Titicaca, nchi yenye aina zaidi ya 3,000. Bibi alivitaja kimoja kimoja kwa jina: vya zambarau, vya njano, vyenye macho mengi. Kisha akafungua mfuko na kutoa vidude vyepesi, vyeusi, vigumu kama kokoto. Chuño, viazi vinavyoachwa nje vigande kwa baridi ya usiku, vikakanyagwa kwa miguu maji yatoke, vikaanikwa juani, na baada ya hapo vinakaa miaka. Kijana alisema mchana ule ndio alioacha kutafsiri kichwani, kwa sababu Kiingereza chake hakikuwa na kitu cha kutafsiria.

Ningekuwa rais wa misheni ningeiandika siku hiyo kwenye ripoti. Lakini ripoti ya wiki ilitaka mengine: wangapi wamefundishwa, wangapi wamekuja ibadani Jumapili, wangapi wamekubali tarehe ya ubatizo. Siku ya viazi haikuwa na safu yake.

Hapa ndipo historia inaponisaidia. Mmormoni wa kwanza kwenda kuhubiri nchi ya Kihispania ya Amerika Kusini alikuwa mtume wao, Parley P. Pratt. Alifika Valparaíso, Chile, Novemba 1851 na mkewe Phebe, mjamzito. Mtoto akazaliwa mwisho wa mwezi huo, akafa Januari. Nchi ilikuwa vitani, dini ya dola ilikuwa ya Kikatoliki, na Pratt hakukijua Kihispania cha kutosha kuwafikia watu. Machi 1852 wakapanda meli kurudi, bila kubatiza mtu hata mmoja.

Miaka saba hivi nyuma yake, pwani yetu, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na Julai 1844 akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Msiba ni uleule. Tofauti ni kwamba Krapf alibaki. Alibatiza watu wa kuhesabika kwa vidole, na kwa hesabu ya ubatizo alikuwa ameshindwa. Ila alikaa na Waswahili na Wamijikenda akiandika maneno, miaka na miaka, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Ndani yake kuna maneno ya babu zetu ambayo sasa huyasikii popote. Mimi nayaheshimu maneno hayo, mimi niliyezaliwa karne moja baadaye. Sijui orodha ya aliowabatiza, na nadhani wewe pia huijui.

Kanisa la Utah lenyewe lilijifunza hili mapema. Lililolifungulia mlango Mexico ni kazi ya Melitón González Trejo, Mhispania, aliyewahi kuwa mwanajeshi, aliyefika Salt Lake City 1874. Pamoja na Daniel W. Jones alitafsiri sehemu za Kitabu cha Mormoni, andiko lao takatifu, zikachapishwa 1875. Mwaka uliofuata wamisionari wakaingia Mexico nazo. Kitabu kizima kilitoka 1886. Lugha ilitangulia, watu wakafuata.

Karne moja baadaye mpangilio ulikuwa umegeuka. Mwishoni mwa karne ya 20 Amerika ya Kihispania ilibatizwa kwa kasi ya ajabu. Kisha zikaja sensa za serikali. Chile, mwaka 2002, Kanisa lilihesabu waumini zaidi ya nusu milioni. Katika sensa ya mwaka huo waliojitaja kuwa Wamormoni, kuanzia miaka 15 kwenda juu, walikuwa 103,735. Toa watoto, weka wanaosita kujitaja, pengo bado ni kubwa mno. Mexico mwaka 2010 sensa iliwapata takriban 315,000, huku madaftari ya Kanisa yakisema zaidi ya milioni moja. Viongozi waliliona. Mwaka 2002 walimtuma mtume mzima, Jeffrey R. Holland, akaishi Chile miaka miwili kuangalia nini kimetokea.

Mimi nadhani kilichotokea kinaonekana kwenye kalenda ya yule kijana. Kila wiki sita kuna uhamisho. Si lazima uhame, ila unaweza. Yeye alikaa Cerro Colorado miezi minne na nusu. Siku alipoanza kufuata hadithi za bibi bila kuomba arudie, simu ilikuja, akahamishiwa mtaa mwingine upande wa pili wa jiji, na mmisionari mpya akaja kwa bibi na pecados zake na pescados zake. Mtu aliyebatizwa na kijana fulani mwezi wa tatu, ifikapo mwezi wa nane kijana hayupo, na aliyempenda alikuwa kijana kabla hajalipenda kanisa. Wamisionari wana msemo wao: kumaliza misheni wanaita kufa. "Nakufa Agosti." Ni lugha ya vijana, lakini aliyeachwa Arequipa naye anaombolezea kitu.

Najua jibu la muumini, na nalichukulia kwa uzito. Atasema: ndugu yangu, kwetu ubatizo ni mlango wa uzima wa milele, lugha ni ya dunia hii, ukiamini hivyo utaacha kuhesabu? Nakubali kwamba siwezi kumshinda kwenye teolojia yake. Namwambia tu kwamba imani yake mwenyewe inafundisha kila mtu ataisikia injili kwa lugha yake, na kusikia kunahitaji mtu anayekaa. Mmisionari akibaki mtaa mmoja miezi minane badala ya minne, akapewa nusu ya siku moja kila wiki ya kuandika maneno, methali na hadithi za watu anaoishi nao, ubatizo hautapotea. Huenda ungepungua kwanza, halafu ukadumu.

Kuna jambo jingine linalonifanya niitetee lugha. Shati jeupe na tai na ngozi nyeupe, Amerika Kusini, ni nguvu, hata mvaaji asipotaka. Kwa wengine ni Marekani yenyewe imegonga mlango. Mei 1989 wamisionari wawili Wamarekani walipigwa risasi na kuuawa La Paz, Bolivia, na kundi lililowaona hivyo. Hakuna kinachoipunguza nguvu hiyo kama kutojua kuongea. Kwa miezi kadhaa tajiri anakuwa maskini wa maneno, na anayempa ni mwanamke mwenye sakafu ya udongo. Hilo halifundishwi darasani. Anayelipitia kisawasawa, akirudi Idaho akamwona Mlatino kiwandani, anamwona mwalimu wake.

Wapo maelfu hapa Utah, watu ambao si Walatino lakini wanaongea Kihispania kwa sababu ya misheni: madaktari, polisi, walimu, mafundi. Mwaka 2010, majimbo mengine yalipokuwa yakishindana kutunga sheria kali dhidi ya wahamiaji, viongozi mbalimbali wa Utah walitia saini tamko la kutaka wahamiaji watendewe kwa utu na familia zisitenganishwe, na Kanisa likaliunga mkono. Sababu zilikuwa nyingi. Mimi naamini moja ya hizo ni kwamba vijana wengi waliokuwa sasa baba na mama wa jimbo hili walishawahi kulishwa na akina mama wa Arequipa, Guatemala na Guadalajara, na walikuwa wanakumbuka majina yao.

Bibi hakubatizwa. Kijana alimwuliza mara mbili, na mara zote mbili bibi alimjibu kwamba Bikira wake wa Puno hajamkosea lolote. Binti yake, pensionista, bado ni muumini. Wawili kati ya watu tisa ambao kijana aliwabatiza bado wanakwenda kanisani. Wengine hana habari zao. Aliniambia hivyo bila kuficha, tukiwa tumekaa kwenye paleti za mbao wakati wa mapumziko.

Kila Jumamosi, saa nne asubuhi, anampigia bibi. Simu anaiweka juu ya boksi, sauti nje. Yule mama wa Venezuela siku hizi anasogea kusikiliza. Bibi humwita waway, mwanangu, kwa Kikechua, kisha humsahihisha Kihispania, ambacho kinaanza kumponyoka. Wiki iliyopita alimwuliza amekula nini. Akajibu, viazi. Bibi akauliza ni viazi gani. Kijana akalitazama sanduku lake la chakula, akavieleza rangi na umbo, na bibi akakaa kimya akijaribu kuvitambua.